Blanketi la Buluu la Bibi

Mwezi uliopita nilikwenda Njombe kumwona mjukuu wangu. Anakaa pale mtaa wa Ramadhani, nyumba nzuri ya tofali za kuchoma, bati la rangi, mwenyewe ana duka. Nyuma ya nyumba yake kuna kipande cha ardhi kimebanwa kati ya ukuta wa jikoni na miti ya jirani, jua halikioni kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nikakuta amekimwagia zege chote. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Bibi, hapa hapaoti kitu. Ni kivuli tupu, na mvua ikinyesha ni matope mpaka mlangoni."

Sikumbishia. Nyumba ni yake na saruji ni yake. Niliomba kiti tu, nikakaa pale kwenye zege lake na baridi ile ya Njombe inayoingia mpaka kwenye meno, nikamkumbuka bibi yangu mzaa baba na ua lake. Na jinsi shangazi yangu, kitinda mimba wa bibi, alivyonusurika kukosa mume kwa sababu ya ua hilo. Nilitaka kumsimulia mjukuu, lakini simu ilikuwa sikioni mwake. Basi nakusimulia wewe, maana wewe umekaa.

Kwetu kulikuwa upande wa Mahongole. Siku hizi wanaiita kata ya mji, lakini wakati huo wa Mwingereza mji ulikuwa haujazaliwa. Makambako yenyewe ilikuwa njia panda na vumbi, na malori yaliyosimama kupoza injini. Baba yangu alikuwa Tanga kwenye mkonge, kama wanaume wengi wa Kibena walivyokuwa, na mama alimfuata. Mimi nikaachwa kwa bibi. Nyumbani tukawa wanawake watupu: bibi, shangazi, na mimi ambaye sikuwa hata na meno ya mbele.

Nyumba ya bibi ilikuwa ya fito na udongo, paa la nyasi, imekaa mgongoni mwa mteremko. Mbele ilitazama kaskazini, jua la kipupwe likaipiga uso mzima. Hapo mbele ndipo tulipoanika mahindi, na hapo ndipo bibi alipokaa kusuka vikapu vyake huku akiota jua kama kuku. Lakini nyuma, upande wa kusini, kulikuwa na jiko, na nyuma ya jiko kulikuwa na mianzi, kichaka kikubwa cha milanzi alichokipanda babu kabla hajafa. Chini ya milanzi ile kulikuwa giza la kijani. Ukipita hapo mchana unajisikia kama umeingia ndani ya chungu.

Utaniuliza kwa nini asiikate. Milanzi haikatwi, rafiki yangu, ndiyo inayotoa ulanzi. Masika yakifika unaikata ncha changa, unafunga kibuyu, na asubuhi unakuta kimejaa. Bibi alikuwa Mlutheri, alibatizwa ukubwani, hakosi ibada, na kanisani walikuwa wanakemea pombe. Lakini yeye alikuwa na hesabu yake. Alisema ulanzi wa asubuhi ni maji ya mti, Mungu ndiye anayeukamua. Ule wa jioni, uliokwisha kuchacha, ndio wenye dhambi. Kwa hiyo alikunywa asubuhi. Kama ulibaki mpaka jioni, alisema ni vibaya kumwaga chakula.

Nimetoka nje ya njia. Nilikuwa kwenye kivuli.

Lazima nikueleze habari ya kufagia, la sivyo hutaelewa kilichotokea. Kwetu uwanja ulikuwa hauna hata jani. Mwanamke aliamka kabla jua halijagusa paa, akashika ufagio wa vijiti, akainama, akafagia kuzunguka nyumba nzima mpaka udongo unang'aa mwekundu kama chungu kipya. Ufagio uliacha mistari kama ya kitana kichwani. Ukiamka ukiikuta mistari haijakatwa, unajua hakuna aliyepita. Unyasi mmoja ukionekana umechomoza, watu waliupita kimya, lakini walikuwa wameuona. Na msichana akitaka kuposwa, wanawake wa upande wa mwanamume walikuja kwanza kutazama uwanja. Hawakutazama sura wala meno. Walizunguka nyumba polepole, mbele na nyuma, mikono mgongoni, kama Bwana Shamba anayekagua matuta. Uwanja ukiwa safi, ndipo waliingia ndani kusema kilichowaleta.

Sasa uwanja wa nyuma kwa bibi ndio uliokuwa msiba. Ulifagiwa kama wa mbele, lakini kwa sababu ya ule mteremko ulioshukia jikoni, na matone makubwa ya milanzi, kila masika maji yalishuka yakichukua udongo. Ukifagia unalegeza juu, mvua inabeba. Ukifagia, inabeba. Nyuma ya jiko fito za chini zilianza kuonekana kama mbavu za ng'ombe mgonjwa. Kila mwaka bibi alikandika upya, na kila mwaka ukuta ulizidi kuning'inia.

Alijaribu kupanda vitu. Alipanda ukoka, ukageuka njano ukafa kwa kukosa jua. Alipanda viazi vitamu, vikatoa kamba ndefu nyembamba zikitafuta mwanga, zikachoka njiani. Alipanda maboga, yakatoa majani makubwa na uongo mwingi, hata boga moja halikuja. Shangazi alikuwa anamcheka. "Mama, hapo panataka uyoga tu." Bibi anamjibu, "Hata uyoga nimeuita, umekataa."

Ndipo tukaenda misheni ya Kidugala kwenye sikukuu ya mavuno. Tulitembea kutwa nzima, bibi mbele na kikapu cha njegere kichwani, shangazi nyuma na kuku, mimi katikati nikilalamika. Ibada ilikuwa ndefu, na kwaya iliimba mpaka koo zikakauka. Nilisinzia. Nilipoamka bibi hayupo kwenye benchi. Tulimkuta nyuma ya nyumba moja ya misheni, amechuchumaa chini ya miti mikubwa, amevua kilemba. Mbele yake ardhi yote ilikuwa imefunikwa. Majani ya kijani kibichi, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, yametambaa yakashikana mpaka huoni udongo. Na juu yake maua ya buluu, buluu ile ya kufulia mashuka, kila ua na vikono vyake vitano vimepinda kidogo upande mmoja kama vinataka kuzunguka. Pale pale kwenye kivuli, mahali ambapo kwetu hata magugu yalikuwa yanaomba ruhusa.

Bibi aliingiza mkono wote chini ya majani, akautoa. Akatuonyesha kiganja. "Tazameni. Udongo umelala. Haujaenda popote."

Mzee mmoja aliyekuwa anatunza bustani akamkatia mikamba kadhaa, yale mashina yanayotambaa, akamwambia lipandwe mvua za kwanza, kivulini, na lisifagiwe kamwe. Sisi hatukujua jina lake la Kizungu. Bibi alilifunga kwenye kitambaa kilicholowa akalibeba kifuani kama mtoto, njia nzima, na kikapu akanipa mimi. Kufika nyumbani akaliita blanketi. Jina likabaki hilo.

Lilivyopandwa nalikumbuka vizuri, maana nilikaa pale nikila kande kwenye kibuyu na kuangalia. Ule mkamba una vifundo, na kila kifundo kikigusa udongo kinatoa mizizi. Kwa hiyo bibi alikwangua vijifereji akafuata upana wa mteremko, siyo kwenda chini, akalaza mikamba humo, akaibana kwa vijiti vya panda isije ikainuka. Juu akatupa majani ya mianzi yaliyooza, meusi, yananuka vizuri kama mvua. Maji ya kuoshea vyombo yote yakawa yanakwenda huko. Mwaka wa kwanza halikufanya kitu. Lilikaa tu limenuna, majani mawili matatu, na bibi akawa anapalilia kwa vidole kulizunguka, akizungumza nalo. Alikuwa analiambia habari za ukoo wetu, nani kaoa wapi. Alisema mgeni akiwa amenuna, mzungumzishe. Mwaka wa pili likaanza kukimbia. Mwaka wa tatu lilikuwa limefunga kuanzia jikoni mpaka kwenye milanzi, kiangazi na masika kijani kile kile, na kipupwe kinapokwisha maua yanatoka mengi mpaka giza la pale nyuma likapata rangi. Na ukuta wa jiko haukuning'inia tena.

Lakini ndiyo hivyo, uwanja wa nyuma ulikuwa haufagiwi.

Jirani yetu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, alikuwa anamwita bibi dada. Alimpenda sana bibi na kwa sababu hiyo hakumnyamazia. Alisimama pale akatazama, akatikisa kichwa.

"Dada, umeacha pori limefika jikoni."

"Siyo pori. Ni ua."

"Ua linakaa kwenye kopo dirishani. Hili limelala chini kama mlevi." Akamleta mbuzi wake akamsukumia mdomo kwenye majani. Mbuzi akanusa, akageuza shingo. "Unaona? Mbuzi anakula hata nguo zangu za kanisani. Hiki amekikataa. Sasa wewe unamlisha nani?"

"Namlisha udongo," bibi akasema.

"Na nyoka."

Nyoka kwa kweli bibi aliwafikiria. Kila asubuhi alipita na fimbo akilipiga-piga blanketi lake kama mtu anayekung'uta godoro, na sijawahi kuona nyoka pale. Chura nimeona. Jongoo wengi. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha toka, na maneno ya jirani yetu yalikuwa na miguu. Walikuja wanawake kutoka upande wa Njombe kumtazamia kijana wao. Wakazunguka mbele, wakatabasamu. Wakazunguka nyuma, wakasimama. Walikunywa togwa, wakaaga kwa heshima nyingi, na hawakurudi. Baadaye tukasikia wamesema nyumba ile ina msichana mzuri anayeishi na nyoka.

Kwa hao shangazi hakulia. Kijana wao alikuwa na mdomo wazi muda wote, hata akiwa hasemi. Lakini mwaka uliofuata alikuja seremala. Alikuja kutengeneza mabenchi ya shule yetu ya kanisa, ile niliyosoma mimi mpaka nikajua kuandika jina na kuhesabu kuku, halafu nikaacha. Huyo seremala alikuwa kimya, mikono mirefu, penseli sikioni, ananuka ubao mbichi. Shangazi akaanza kuona kiu ya seremala. Kila saa anabeba maji kwenda shuleni. Mwalimu akamwambia, "Dada, huyu akinywa tena ataelea." Watoto tulicheka mpaka tukatandikwa.

Mabenchi yalikwisha. Seremala akarudi kwao, na baada ya muda mshenga akaja kusema mama yake seremala atafika yeye mwenyewe kutazama uwanja. Hapo furaha ya shangazi ilidumu kama povu la ulanzi. Habari za huyo mama zilikuwa zimemtangulia: mjane, mkali, na uwanja wake watu walikuwa wanautolea mfano. Walisema hata kuku wake wanapita pembeni.

Shangazi akaenda kwa bibi. Niliwasikia, maana nyumba ya fito haifichi kitu.

"Mama, nakuomba. Liondoe."

"Nikiliondoa, jiko litaanguka."

"Jiko tutajenga jingine. Mimi nikikataliwa tena utanijenga wapi?"

Bibi alifunga kilemba chake upya. Halafu akasema, "Akija, nitamwambia mwenyewe ni ua. Nitamweleza."

"Mama, hawaulizi. Wanatazama tu, halafu wanaondoka. Wewe unajua."

Na bibi alijua, maana naye alikuwa amekwenda kutazama viwanja vya watu. Lakini aliingia kulala, na shangazi akabaki amekaa kizingitini anajifuta uso na khanga.

Siku yenyewe ilikuwa mwanzoni mwa mvua, siku ile mawingu yanakaa chini kabisa na hewa imetulia. Bibi alishuka mapema bondeni kwenye vinyungu, zile bustani zetu za chepechepe, kuchuma mboga za wageni. Hakuwa amefika hata nusu ya mteremko nikasikia sauti ya jirani yetu uwanjani, na nyuma yake wanawake wengine, wamejifunga khanga kiunoni, wana majembe na fagio. Hakuna aliyewaita. Kwetu ilikuwa hivyo, jirani akipata ugeni mzito, wanawake wanakuja kumsaidia bila kuulizwa.

"Tumekuja kukuoza," jirani akamwambia shangazi. "Kaa pembeni, bibi harusi. Usichafuke."

Shangazi alisimama na sufuria mkononi. Hakusema waache. Hakusema waendelee. Baada ya muda aliweka sufuria chini akachukua jembe.

Waling'oa huku wakiimba. Nakuambia kweli, waliimba nyimbo nzuri za kilimo, mmoja anaanzisha wengine wanaitikia, na lile blanketi likawa linatoka vipande vipande kama zulia linalokunjwa, na mizizi yake na udongo mweusi. Wakalirundika nyuma ya milanzi wasije wageni wakaliona. Wakafagia. Wakafagia tena. Wakarudi nyumanyuma kwa hatua za ustadi wasiache nyayo, na walipomaliza, uwanja wa nyuma ulikuwa mwekundu, una mistari, haujawahi kupendeza namna ile. Jirani yetu alisimama akipumua kwa nguvu, jasho linamtiririka, na macho yake yana machozi ya upendo. "Sasa," akasema, "waje."

Bibi alirudi na kikapu cha mboga. Alipita mbele, akazunguka nyuma, akasimama. Wanawake wote wakatazama chini. Bibi akautazama ule udongo mtupu kuanzia jikoni mpaka kwenye milanzi. Nilidhani atapiga kelele, nikajificha nyuma ya shangazi. Bibi akaweka kikapu chini, akachukua ufagio mkononi mwa jirani, akaenda pembeni ya mlango wa jiko ambako walikuwa wameacha vijani viwili, akafagia pale mpaka pakawa sawa na kwingine.

"Kama mmeamua kufagia," akasema, "fagieni vizuri."

Akaingia jikoni kuosha mboga.

Wageni walifika mchana. Yule mama alikuwa mdogo wa mwili, mwembamba, amesimama wima kama mti wa uzio. Tulisalimiana, kamwene kwa kamwene, wazima, watoto wazima, kwenu kwema. Halafu akaanza kuzunguka. Mbele, kimya. Nyuma, kimya, macho chini. Alifika nyuma ya jiko akasimama mahali pamoja kwa muda, akagusa udongo kwa ncha ya kidole cha mguu. Akaendelea. Akaketi jikoni nasi, na jirani yetu na wenzake, kwa sababu mwanamke mgeni anaketi na wanawake kwenye moto, na shangazi akaanza kupakua. Kulikuwa na kuku, mboga za maboga za karanga, na ugali wa ulezi. Nikaona shangazi ameanza kupata rangi usoni.

Ndipo mvua ikaanguka. Haikuanza kwa matone, ilianguka yote. Na ule mteremko, uliolala kimya miaka yote ile chini ya blanketi, ulikuwa umechimbuliwa asubuhi hiyo hiyo na majembe sita au saba, sijui, ulikuwa laini kama unga. Ulishuka. Kwanza yakaingia maji mekundu chini ya mlango, yakazunguka mafiga, moto ukalia shii ukafa. Halafu ukaja uji wenyewe, mzito, na mlango wa jiko ukafunguka kama umesukumwa na mtu mwenye haraka. Vigoda vikaelea. Jirani yetu alipiga yowe akakamata mtoto wa karibu, ambaye alikuwa mimi, akaninyanyua kwa nguo. Bibi alishika ungo wa mboga. Na yule mama mgeni, mkali, mjane, mwenye uwanja wa mfano, alipanda juu ya kinu kilichogeuzwa akajitwisha kichwani chungu cha kuku, akasimama hivyo, mkono mmoja ukutani, matope yanapita chini yake.

Tulisikia mvua tu. Ukuta wa nyuma ulitoa sauti kama mtu anayegeuka kitandani.

Yule mama akasema kutoka juu ya kinu, polepole, "Udongo huu ni wa leo. Pale nyuma palikuwa na nini?"

Jirani yetu alifungua mdomo. Najua alitaka kusema uongo mzuri, uso wake ulikuwa umekwisha uandaa. Lakini shangazi alimtangulia. Alikuwa amesimama katikati, matope yanamfika kwenye vifundo vya miguu, mwiko bado mkononi.

"Palikuwa na ua la mama," akasema. "Lilikuwa limeshika udongo. Nimeling'oa asubuhi na jembe langu, ili ukija ukute pamefagiwa."

"Wewe umeling'oa?"

"Mimi."

"Mama yako alikuruhusu?"

"Hakuniruhusu."

Yule mama alimtazama shangazi, akamtazama bibi mwenye ungo, akatazama yale yanayopita chini ya kinu. Chungu kilikuwa kinavuja mchuzi kidogo, unamshuka shavuni, naye hakuufuta.

"Mimi nilikuja kutazama uwanja," akasema. "Sasa uwanja wenyewe umenipita miguuni unaenda bondeni. Basi nitatazama msichana. Nishikieni hiki chungu, shingo inauma."

Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka mboga zikamwagika. Halafu jirani, halafu wote, na shangazi akawa analia na kucheka pamoja, pua inamtoka, hana hata uso wa bibi harusi.

Mvua ilipokatika, bibi alitoka bila kusema neno akaenda nyuma ya milanzi kwenye lile rundo. Mikamba ilikuwa mizima, imelowa, kama haijajua kwamba iliuawa. Akainama akaanza kulaza kwenye tope. Jirani akainama karibu yake. Wakainama wote. Yule mama mgeni akafunga nguo yake juu ya magoti, akauliza, "Linalazwa namna gani? Hivi?" Bibi akamwonyesha kulaza kufuata upana wa mteremko, na kubana kwa kijiti. Nakumbuka mistari ya migongo yao, khanga za kila rangi zimelowa, na ukungu unapanda kutoka bondeni, na jirani yetu anakandamiza tope kwa nguvu zote akinung'unika kwamba mbuzi wake ndiye aliyekuwa na akili peke yake.

"Ila kwangu hamtalileta," yule mama akasema akinawa mikono. "Kwangu ni tambarare. Kwangu tunafagia."

"Atafagia," bibi akasema. "Anajua."

Na alifagia, rafiki yangu. Posa ikaletwa, majembe ya mahari yakaletwa kama ilivyo desturi yetu, na shangazi akaenda akaishi na seremala wake na mama mkwe wake, wakafagia wawili kila asubuhi, mmoja mbele mmoja nyuma, mpaka yule mama alipokufa. Shangazi aliniambia huyo mama hakuwahi kumsifia uwanja hata siku moja, na hakuwahi kuwaruhusu watu wengine wamseme. Tuliposhindwa kuokoa lile jiko, alimtuma seremala akatujengea jingine.

Blanketi lilishika tena. Masika yale yale lilinuna, masika yaliyofuata likakimbia. Jirani yetu alikuja siku moja wakati anadhani bibi amelala akajikatia mikamba michache akapanda nyuma ya jiko lake. Bibi alimwona kwenye upenyo wa ukuta, akarudi kulala.

Wote wamekwenda. Bibi, jirani, yule mama, shangazi naye majuzi tu. Watu wetu walihamishwa baadaye kwenda kukaa kando ya barabara, nyumba zikafuatana kama mabenchi ya shule. Nilipata nafasi siku moja nikapita pale zamani kwetu. Milanzi hakuna. Mteremko mzima umepandwa misonobari ya mtu ambaye hakai huko, na chini yake kuna sindano kavu tupu. Nilitafuta blanketi mpaka kiuno kikagoma. Sikuona hata jani moja, na sikulia, ua ni ua.

Ninachokikosa ni kile kingine. Siku hizi tumejenga kuta, kila mtu na geti lake, na ukipata ugeni unahangaika peke yako na jirani anasikia tu harufu ya pilau. Uwanja wangu ukiwa mchafu hakuna anayeniambia. Binti wa mtu akikosa mume hakuna anayekosa usingizi isipokuwa mama yake. Hawa wanawake waliamka kabla ya jua, wakaacha mashamba yao siku ya mvua za kwanza, siku ambayo mkulima haachi shamba, wakaja na majembe yao kuharibu kitu bibi alichokipenda kuliko vyote, huku wakiimba, kwa sababu walimtakia mtoto wake mema. Nimeishi miaka mingi. Nimepata watu wa kunisifia maua yangu, wengi tu. Wa kuja kuning'olea kwa mapenzi, sijapata tena.